Kuamini kwa dhati hakulifanyi jambo kuwa kweli

Ndugu mleta mada, umesema mdogo wako amehamia kundi linalofundisha kwamba Yesu hakufufuka kwa mwili, na kila ukimgusia anakujibu, "Mungu anaangalia moyo, nami naamini kwa dhati." Unauliza kama hiyo inatosha, na umkabili vipi. Nimeongoza vijana kujifunza Biblia kwa muda mrefu na jibu hilo nakutana nalo sana.

Anza na aya anayoitegemea, 1 Samweli 16:7, isemayo kwamba Bwana huutazama moyo. Watu huinukuu bila kisa chake. Samweli amefika kwa Yese, akamwona Eliabu, akasema moyoni kwamba huyu ndiye mpakwa mafuta wa Bwana, yaani mfalme aliyechaguliwa. Hakuwa mnafiki. Ni nabii, amekuja na pembe ya mafuta kwa agizo la Mungu mwenyewe. Ila alikosea mtu, na Mungu akamkatalia palepale. Yaani aya hiyohiyo inamhusu mtu mwenye moyo safi aliyehitaji kusahihishwa!

Halafu kuna Paulo. Mbele ya mfalme Agripa, Matendo 26, anasema aliona kabisa kuwa inampasa kulipinga jina la Yesu. Kwa Timotheo anaandika kwamba alipata rehema kwa sababu alitenda kwa ujinga. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Sauli, ndiye huyo Paulo kabla hajamwamini Yesu, alirehemiwa, lakini Stefano, mfuasi wa Yesu ambaye Sauli aliridhia kifo chake, alikuwa ameshauawa kwa mawe. Hata Lumen Gentium, hati ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1964 kutoka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, inasema katika namba 16 kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Haisemi kwamba kila analoamini mtu huyo ni kweli, na namba hiyohiyo inamalizia kwa kuhimiza umisionari.

Mimi haya niliyaona kwa mama yangu mdogo. Ana kisukari. Kiongozi mmoja wa maombi alimwambia ameshapona, aache insulini, maana kuendelea kujichoma ni kumtilia Mungu shaka. Akaacha, kwa furaha kabisa. Siku chache baadaye nilimkuta kitandani, midomo imekauka, anahema haraka na kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bado alikuwa ananong'ona, "Nimepona." Yule kiongozi alikuja hospitali akalia machozi ya kweli, sijawahi kumwona kuwa tapeli. Lakini sukari ilipanda vilevile. Mama mdogo alitundikiwa dripu, akarudishiwa insulini, na leo anaomba na anajichoma sindano zake.

Kwa Mkristo suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa imani yetu imesimama juu ya tukio. Soma 1 Wakorintho 15: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Paulo angeweza kuwaambia Wakorintho kwamba mradi wanaamini kwa moyo, inatosha. Hakusema hivyo. Aliwatajia mashahidi: Kefa, yaani Petro, wale kumi na wawili, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 waliomwona kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai alipokuwa akiandika. Mtu anayetaja mashahidi walio hai anakuruhusu ukawaulize. Ama Kristo alifufuka ama hakufufuka, na bidii yangu haiwezi kubadilisha kilichotokea kaburini.

Kuhusu kumkabili mdogo wako, mwangalie Apolo katika Matendo 18. Fasaha, hodari katika Maandiko, roho inawaka, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumuumbua mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi, naye akapokea. Kwa hiyo usiishambulie dhati yake, maana anayo kweli. Kaeni wawili tu, bila wazazi wala mchungaji, msome 1 Wakorintho sura ya 15 yote kwa kikao kimoja. Kisha mwulize: kama mwili ulibaki kaburini, mstari wa 17 anauelewaje? Mpe nafasi ajibu mwenyewe. Asipokuwa na jibu, usimbane. Siku nyingine fungueni Luka 24:39, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wamshike waone kwamba ana nyama na mifupa, muendelee kutoka hapo.