Ukialika Watu Kutazama Sinema ya Kitabu Unachokipenda

Kosa la kwanza nililifanya wiki tatu kabla ya sinema yenyewe: niliwasimulia watu kitabu chote, mpaka mwisho.

Nina duka dogo la steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Umeme ukikatika jioni na mashine ya fotokopi ikanyamaza, majirani hujikusanya barazani pamoja na vijana wa bodaboda na wanafunzi wawili watatu wa sekondari, soga zikaanza. Siku hizo nilikuwa nasoma The African Queen, riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Niliiokota kwenye rundo la vitabu vya mitumba, jalada lake limeliwa na mende. Kila jioni nikawa nawamegea kipande.

Kwa mtu wa Kigoma riwaya hii ina utamu ambao msomaji wa London hawezi kuupata. Ni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Wajerumani imelitawala ziwa zima, na Waingereza wawili, fundi mitambo na dada wa mmisionari, wanateremka mto kwa boti chakavu la mvuke ili wakaizamishe. Ziwa amelipa jina la kubuni, Wittelsbach, na meli ameiita Königin Luise. Nani wa hapa atadanganyika? Sikuwa nimemaliza kuieleza meli, kijana mmoja wa bodaboda akadakia, "Dada, si Liemba hiyo!"

Ndiyo hiyo, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ikiwa kwenye makasha, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Basi baraza likachangamka. Nikaahidi kwamba kitabu kikiisha nitawatafutia na sinema yake.

Sinema hiyo ni ya mwaka 1951, imeongozwa na John Huston, wakacheza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kijana anayejaza nyimbo na sinema kwenye flashi alinipatia. Mwenye kibanda umiza akakubali kunipa Jumapili mchana, mradi tumalize kabla ya mpira. Mimi sikuitazama kwanza. Nilisema nitaona utamu pamoja na wenzangu. Usifanye hivyo. Hata kama una hamu kiasi gani, jifungie ndani na simu yako siku mbili kabla uitazame peke yako, ununie huko huko, ulie huko huko, uje mbele za watu umeshapoa.

Maana mimi nilinunia mbele za watu. Dakika kumi za kwanza tu nikaanza kuvurugika. Allnutt, yule fundi wa boti, kitabuni ni Mwingereza wa mitaa ya kawaida ya London, na namna anavyosema ni nusu ya mtu mwenyewe. Kwenye sinema amekuwa Mkanada, kwa sababu Bogart ni Mmarekani na asingeweza lafudhi ile. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo, sibishi, na ile sehemu anapowaigiza viboko watu walicheka hadi kibanda kikatikisika. Mimi nilikuwa nimekunja uso.

Halafu kulikuwa na suala la lugha. Watazamaji wa kibanda umiza wamezoea sinema zilizotafsiriwa, mtu anaongea Kiswahili juu ya picha. Nikajitolea kutafsiri mwenyewe. Nilikuja kugundua baadaye kwamba sikuwa natafsiri sinema, nilikuwa natafsiri kitabu! Bogart akisema maneno matatu, mimi nasema thelathini. Hepburn akinyamaza akitazama maji, mimi nawaeleza watu anawaza nini, kama ilivyoandikwa ukurasa fulani. Mara mbili nikasimamisha picha kueleza walichoruka. Mara ya tatu sauti ikatoka nyuma gizani: "Dada, kaa chini bwana, tunataka kuona."

Nikakaa. Ukitafsiri, tafsiri kinachosemwa. Waigizaji wakinyamaza, nawe nyamaza.

Lakini kilichoniumiza hasa ni mwisho. Kitabuni wale wawili wanashindwa. Wamehangaika na maporomoko, mbu na magugu, wamepinda upya mhimili wa pangaboi kwa mikono yao, wametengeneza mabomu kwa mitungi ya gesi, na usiku wa kwenda kushambulia, dhoruba inalizamisha boti lao. Wanakamatwa. Nahodha Mjerumani anawaonea huruma, anawarudisha kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe, na kazi ya kuizamisha meli inafanywa na boti za jeshi la majini. Wao wanabaki kutumwa pwani wakafunge ndoa, na mwandishi anakataa hata kutuhakikishia kwamba waliishi raha mustarehe. Nilikipenda kitabu kwa sababu hiyo. Mtu anajitoa mwili na roho, halafu jambo linafanywa na mwingine aliyekuja juzi. Hapa bandarini tunayajua hayo.

Huston hakuutaka mwisho huo. Kwake Mjerumani anawahukumu kunyongwa, wanaomba wafungishwe ndoa kwanza, nahodha anawafungisha, na papo hapo meli inaligonga gofu la boti lao linaloelea na mabomu yake, inalipuka. Maharusi wanaogelea wakiimba.

Kibanda kizima kilisimama kushangilia. Mimi peke yangu nilikuwa nimeketi kama niliyefiwa. Kilichofuata ndicho sikukitarajia kabisa: wakanigeukia. "Kumbe ulitudanganya! Ulisema wanashindwa!" Wiki tatu nawasimulia kwa uaminifu, nikaonekana mwongo kwa dakika tano za mlipuko. Kwa hiyo ukiweza, usimalize kusimulia. Ishia katikati, pale boti linapopita chini ya ngome ya Wajerumani likipigwa risasi, ukawaachie wenyewe kiu.

Jioni nikaenda Ujiji kwa mjomba wangu, ambaye ujana wake aliumalizia Liemba akipakia na kupakua mizigo kutoka hapa hadi Mpulungu, Zambia. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na migebuka, nikamwaga malalamiko yangu yote, jinsi sinema ilivyokisaliti kitabu. Alisikiliza mpaka akanawa mikono.

"Mama," akaniita, kama anavyowaita wapwa zake wote wa kike, "kitabu chako nacho kinasema Waingereza waliizamisha?"

"Ndiyo."

"Basi wote waongo. Mimi nimelala juu ya hiyo meli."

Nilicheka, lakini nililala nikiliwaza. Ana haki. Boti za Waingereza zilikuwepo kweli, mbili, majina yao "Mimi" na "Toutou", zikavutwa nchi kavu kupitia Kongo hadi ziwani. Ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915, zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Götzen hazikupigana nayo hata siku moja. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 wakati wa kuukimbia mji, na mafundi wakaipaka mitambo grisi nene kwanza, wakitumaini watairudia. Waliokuja kuirudisha kazini ni Waingereza: wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Forester alikuwa ameshaukata ukweli kwa mkasi wake kabla Huston hajakikata kitabu. Mimi nikakasirikia mkasi wa pili tu, kwa kuwa wa kwanza nilikuwa nimeupenda.

Na wote wawili, nilipoangalia tena, wamekata mahali pamoja. Wanakijiji wa mwanzo wa hadithi wakishachukuliwa na Wajerumani, hatuwaoni tena. Mto mzima, ziwa zima, na wenye ziwa hawamo. Hilo sikuliona nikisoma, na nilisoma mara mbili. Nililiona sinemani, kwa sababu jicho linahesabu watu upesi kuliko linavyohesabu majina.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kuonyesha sinema ya kitabu, natafuta mtu mmoja anayekijua kitu chenyewe, si kitabu chake. Kama ni ya vita, aliyekuwa askari. Kama ni ya meli, kuli wa bandarini. Namkalisha mbele, picha ikiisha namwachia yeye neno la kwanza, mimi nasubiri zamu yangu. Na ninaacha mwezi upite tangu nifunge kitabu.

Mjomba alikataa kuja kibandani, anasema macho yanamuuma. Alinitaka nimpelekee kitabu badala yake, nimsomee kwa Kiswahili pale wanaposhindwa tu. Nikamsomea: usiku, mawimbi, boti linajaa maji, wawili wanaitana gizani. Akanisimamisha.

"Rudia hapo. Upepo ulitokea upande gani?"