Kabla hujaandika "ameshauriwa"

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya upasuaji ya wanawake, nianze na faili lililonifedhehesha. Mama mmoja, mkulima, alirudi kwetu mwaka na miezi miwili baada ya kukatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia begani hadi vidoleni, na juu ya kiwiko kulikuwa na chale mbichi zinazotoka usaha. Kijijini walimwambia ametupiwa kitu. Jirani mwingine akasema ni matende. Nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, mbona hukuja mapema? Akanijibu, "Sista, hakuna aliyeniambia kwamba mkono unaweza kuvimba." Nikafungua faili nimwoneshe. Kweli palikuwa pameandikwa, siku aliyoruhusiwa: "Ameshauriwa kuhusu mkono." Mwandiko wangu, sahihi yangu.

Siku za kuruhusiwa mtazizoea. Bili haijafungwa, gari la kijijini linaondoka saa saba, ndugu wamesimama mlangoni na beseni na mkeka, nawe unataja makatazo kumi kwa pumzi moja. Mgonjwa anayetaka kwenda kwao ataitikia "ndiyo" hata ukimwambia kesho jua halichomozi. Kwa hiyo mazungumzo haya ya mkono kuvimba siku hizi nayaanza kabla ya upasuaji, nayarudia siku anapoanza kunyanyua mkono ili ajichane nywele, halafu tena anapokuja kutolewa nyuzi. Ya siku ya kuruhusiwa nayahesabu kuwa ni kuagana tu.

Mweleze kwa vitu anavyoviona. Kwapani kuna tezi zinazopitisha na kuchuja majimaji ya mkononi kabla hayajarudi kwenye damu. Daktari akizitoa kuondoa saratani, au mionzi ikizikakamaza, majimaji yanapungukiwa njia. Mimi huwaambia ni kama mtaro wa uani: ukizibwa, maji hayapotei, yanatuama. Aliyekaa uswahilini wakati wa masika anakuelewa hapo hapo. Huku Pwani lazima utaulizwa kama ni mbu. Jibu bila kuzungusha: matende yanatokana na minyoo inayoenezwa na mbu, mkono huu umevimba kwa sababu ya matibabu ya saratani, hauambukizi mume wala mtoto, na hakuna aliyeutuma.

Ukubwa wa hatari usiufiche, wala usiutie chumvi. Kwa waliotolewa tezi za kwapani zote au karibu zote, takriban mmoja kati ya watano hupata uvimbe huu. Kwa waliotolewa tezi chache za kupimwa tu, ni kama 6 kati ya 100. Mionzi ya kwapani huongeza hatari, unene pia, na maambukizi ya ngozi ya mkono. Usimwambie "asilimia ishirini". Nyoosha vidole vitano, kunja kimoja, nyamaza kidogo aangalie. Kisha mwambie kwamba wengi huanza kuvimba ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, lakini kuna wanaovimba baadaye sana, hivyo asijione amepita kwa sababu mwaka mmoja umeisha salama.

Hapa ndipo tulipokuwa tukikosea zaidi: tulikuwa tunatisha. Usibebe ndoo, usilime, usichomwe sindano, usifanye hiki. Mama ambaye maji anayachota mwenyewe akisikia hivyo anachagua mawili, akuogope au akupuuze. Tafiti zilizochapishwa Marekani mwaka 2009 na 2010 zilionyesha kuwa kunyanyua uzito kwa kuongeza kidogo kidogo hakukuwazidishia wanawake hawa uvimbe. Basi aanze na kidumu kidogo, aongeze taratibu, apumzike mkono ukilemea. Presha na dripu tunaweka mkono wa pili pale inapowezekana, ni tahadhari nzuri. Lakini ushahidi kwamba sindano moja inaleta uvimbe ni dhaifu, na nimeshaona mgonjwa wa malaria kali akikataa dripu kwa sababu mkono mzuri haukuwa na mshipa wa kupatikana. Hofu ile tulimpa sisi.

Anachotakiwa kukilinda kwa bidii ni ngozi. Glovu akishika jembe au akiparua samaki, mafuta ngozi isipasuke, tahadhari na mbuzi ya kukunia nazi na jiko la mkaa. Hina haina neno, ila piko limewahi kumbabua mtu tukamuuguza wiki nzima. Mkono ukipata joto, ukiuma, na homa ikaja, aje siku hiyo hiyo apewe antibiotiki. Vitabu vinasema wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone, mfundishe apapase.

Dalili za mwanzo ni ndogo: pete imebana, bangili inaacha alama, mkono wa gauni umekaza upande mmoja, uzito jioni. Wakati huo uvimbe bado unapungua akilala ameinua mkono, na mtaalamu wa viungo akimpata mapema na vitambaa vya kubana anafanya kazi kubwa.

Na mwite anayemuuguza nyumbani. Mara nyingi ni mama mkwe au dada mkubwa, na ndiye atakayeleta maji ya moto ya kukanda au mtu wa kupiga chuku. Usimkaripie, anakanda kwa mapenzi. Mwambie, "Mama, mkono huu usikandwe kwa maji ya moto wala kuchanjwa, nakukabidhi wewe," naye atalinda kuliko mgonjwa mwenyewe.

Nunua futi ya fundi cherehani, ikae mfukoni. Pima mikono yote miwili kabla ya upasuaji, sehemu zile zile: kiganja, kifundo, sentimita 10 chini na juu ya kiwiko. Usipopima kabla, baadaye mtabishana na macho, maana mkono wa kazi huwa mnene kidogo tangu zamani. Tofauti ikiongezeka sentimita 2 popote, mpeleke kwa daktari.

Mwisho mwombe akueleze yeye, kana kwamba anamweleza mdogo wake. Faili la juzi niliandika hivi: "Amesema mwenyewe: pete ikibana au mkono ukilemea, narudi, ukipata moto na homa, nakuja siku hiyo. Juu ya kiwiko, kulia sm 29, kushoto sm 28.5. Mama mkwe alikuwepo, ameuliza kuhusu kukanda."