Msiigize Maji

Kosa langu lilianzia kwenye kitambaa cha buluu. Mita kumi na mbili, tumekinunua Ngamiani kwa kuchangishana. Vijana wanne walikishika pembe wakakitikisa jukwaani mpaka kikawa wimbi kweli, na wengine saba wakawa chini yake wanapiga mayowe. Ilikuwa Septemba 2014, kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kinakumbuka miaka mitatu ya kuzama kwa meli ya Spice Islander. Mchezo nilitunga mimi, wenye nyimbo nne na ngoma, na pale kando ya pazia nilikuwa najiona nimepatia.

Katikati ya mayowe, mama mmoja wa safu ya tatu akasimama. Hakulia. Alivuta mtandio, akavua ndala na kuzishika mkononi ili asisikike anatoka, akaenda zake.

Nilimjua. Ni jirani yetu Chumbageni, mtu wa Pemba, mtaa mzima tunamwita Bimkubwa. Nisilolijua ni kwamba mtoto wa dada yake alikuwamo melini.

Kesho yake nilipiga hodi. Shikamoo, marahaba, kaa hapo, kunywa chai kwanza. Nilipoanza kuomba radhi akanikatiza.

"Radhi ya nini mwanangu? Mmecheza vizuri. Ila maji mimi nshayaona. Nikilala nayaona. Sasa niyalipie kiingilio?"

Ndipo akanisimulia habari ya godoro. Kijana alikwenda Unguja kula Idi, akanunua godoro la inchi sita ampelekee mama yake kule Wete, Pemba. Jioni ile akampigia Bimkubwa kumtajia bei. Bimkubwa akamwambia, "Umepigwa, hilo hata nusu ya bei halifiki." Wakabishana, wakacheka, salio likaisha. Maneno yake ya mwisho na yule kijana ni hayo, bei ya godoro.

Nilirudi nyumbani nikausoma mchezo wangu upya. Kurasa thelathini na moja, hakuna hata mtu mmoja aliyenunua kitu.

Kwa mliokuwa wadogo: Spice Islander iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, abiria na mizigo, wengi wakirudi makwao baada ya Idi. Ikazama usiku huohuo, kwenye saa saba kuamkia Jumamosi tarehe 10, kwenye mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa. Idadi ya waliokufa ilibadilika mara kadhaa, na wapo ambao hawajaonekana hadi leo. Huku kwetu, ambako Pemba ni kuvuka mkondo tu na nusu ya mtaa ina ndugu kule, watu walishinda redioni wakisubiri majina.

Miaka minne baada ya onyesho lile nikajikuta Edmonton, Kanada, kwa kaka yangu. Kaka amekuwa mshabiki wa magongo ya kwenye barafu hadi anatia aibu. Jezi ya Oilers, timu ya mji ule, analala nayo. Nilimcheka wiki mbili, ya tatu nikawa nakaa naye kwenye kochi nikifokea kile kidude cheusi kama kisosi ambacho bado sikioni vizuri kinakwenda wapi. Na pengine ni damu. Baba yetu alipenda magongo ya nyasini tangu zile enzi Tanzania ilipopeleka timu Moscow, Olimpiki ya 1980. India walitufunga 18 kwa 0, kisha wakachukua dhahabu. Baba aliisimulia kama ushindi: "Tulifungwa na mabingwa, sio na kila mtu."

Nilikuwa huko tarehe 6 Aprili 2018. Basi la timu ya vijana ya magongo, Humboldt Broncos wa jimbo la Saskatchewan, lilikuwa njiani kwenda kwenye mechi ya mtoano. Likagongana na lori kwenye njia panda. Watu 16 walikufa na 13 wakajeruhiwa. Vijana walikuwa wamepaka nywele rangi ya dhahabu karibu timu nzima, ndio mkwara wao wa mtoano, na kwa sababu hiyo wawili walichanganywa: familia moja ikaambiwa mtoto amefariki kumbe yu hai, nyingine kinyume chake. Kaka aliponisomea hilo nilikumbuka viwanja vya Maisara, Unguja, watu wakipita kwenye mistari ya miili wakitafuta shati wanalolijua.

Jioni moja baada ya ajali nilitoka kutupa takataka, nikaona gongo limeegemezwa kwenye mlango wa jirani, taa ya barazani inawaka. Nyumba ya pili, gongo. Ng'ambo ya barabara, mawili, moja la mtoto mdogo, limezungushiwa utepe. Kaka akanieleza kuwa nchi nzima wanafanya hivyo: wanawawekea vijana magongo nje, huenda huko waliko wakayahitaji. Akaingia ndani, akatoka na lake.

Hakuna aliyeigiza ajali. Hakuna aliyechora lori. Walichukua kile ambacho wale vijana walikishika kila siku, wakakiweka mlangoni.

Ni huko huko mfanyakazi mwenzake kaka alinisimulia kuhusu Lokomotiv Yaroslavl ya Urusi, timu ya magongo iliyoanguka na ndege ikienda Minsk kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Watu 44 kati ya 45 walikufa. Nikauliza lini. Tarehe 7 Septemba 2011. Nikahesabu kwa vidole. Jumatano Yaroslavl, kuamkia Jumamosi Nungwi, na Jumapili yake ndiyo Wamarekani walikuwa wakitimiza miaka kumi ya mashambulizi ya Septemba 11. Sisi tukitafuta majina redioni, televisheni zilikuwa zinaonyesha majina yao yakisomwa.

Hiyo Septemba 11 ndiyo iliyonifunza kazi yangu. Mwaka 2021 kaka alinipa nywila yake nitazame Come From Away, mchezo wa nyimbo uliofunguliwa Broadway mwaka 2017, ukarekodiwa jukwaani. Unahusu Gander, mji mdogo wa Newfoundland, Kanada, ambako ndege 38 ziliamriwa kutua siku ile, na watu wa mji wakajikuta na wageni karibu 7,000 wa kulisha na kulaza. Waigizaji ni 12 tu, viti ndivyo vinavyogeuka ndege na basi. Minara haionyeshwi. Unaona madereva wa mabasi ya shule wakiacha mgomo wao ili wabebe wageni. Na uwanja wa magongo, barafu ile, unageuzwa jokofu la kutunzia chakula. Hapo nilisimamisha video nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshaujua ukubwa wa viwanja vile. Kisha nikalia, kwa nini hasa sijui.

Basi tukaanza upya. Na hapa wewe unayetaka kuandaa kumbukumbu ya msiba, wa basi, wa meli, wa moto sokoni, nisikilize mimi niliyeharibu kabla yako. Nenda kwa wafiwa kabla hujashika kalamu, na usiwaulize kilichotokea. Uliza alipenda kula nini, alikuwa anadaiwa na nani, alibeba nini siku ile. Watakucheka kidogo, halafu watazungumza hadi chai ipoe. Omba ruhusa ya kila jambo, hata la godoro. Bimkubwa alinipa godoro lakini akaninyima jina la kijana, na jina halimo kwenye mchezo.

Kuhusu muziki, jihadhari na taarabu. Tuliimba wimbo wa godoro kwa mahadhi ya taarabu, siku ya kwanza ya majaribio mbele ya majirani mama mmoja akainuka na noti ya elfu mbili kutunza, kiuno kikimtangulia. Si kosa lake. Wimbo wa taarabu Tanga hii unamwinua mtu kabla hajasikia maneno. Tukauhamishia kwenye utenzi, sauti moja, bila ala, na watu wakatulia wenyewe. Hata dakika moja ya ukimya tuliiondoa. Pale uwanja wa mpira wa Mkwakwani nimeiona ikikatwa na vuvuzela mara nyingi mno. Tunaanza kwa dua, kila mtu anajua afanye nini na mikono yake.

Na kitambaa cha buluu tulikishonea mapazia. Mahali pa bahari sasa wapo wanawake watano na simu tano. Wanapiga. Kila mmoja anasikia jibu lilelile ambalo sote tunalijua kwa moyo, namba unayopiga haipatikani kwa sasa, na wanalipokezana mpaka linakuwa kiitikio. Hatusemi meli. Hatusemi kuzama. Mara ya kwanza tulipolifanya mazoezini, kijana wetu wa taa alitoka nje akampigia mama yake.

Bimkubwa nilimwalika kwenye mazoezi ya mwisho, si siku ya onyesho, ili akitaka kutoka atoke bila macho ya watu. Alikaa mbele, mkoba magotini. Ikafika sehemu ya kijana kulifunga godoro tayari kwa safari, anaimba huku anazungusha kamba. Bimkubwa akaanza kutikisa kichwa. Nikajua nimeharibu tena.

Akasimama, akapanda jukwaani na ndala zake, akampokonya yule kijana kamba.

"Hivyo litafunguka hata bandarini hujafika," akasema. "Shika hapa. Vuta. Vuta bwana, hujala?"