Maswali ya Wasomaji: Kinga ya Injini Ikae Mbali Kiasi Gani?

SWALI: Pikipiki yangu ya cc 150 inapita njia za mawe kila siku. Nilifungiwa bamba la chuma chini ya injini, likakaa limegusana nayo. Nimepiga jiwe, bamba limebonyea kidogo tu, ila injini imepata ufa na inavuja oili. Je, nitafute bamba nene zaidi? – Msomaji, Babati

JIBU: Unene si tatizo. Bamba lililogusana na injini hupitisha pigo lote kwenye kasha, na kasha la alumini halibonyei, linapasuka. Acha angalau milimita 10 kutoka sehemu ya injini iliyoshuka zaidi, ambayo mara nyingi ni kichwa cha bolti ya kumwagia oili.

Alumini ya milimita 4 inatosha. Kipande cha sentimita 30 kwa 20 kina takriban gramu 650. Chuma cha milimita 3 cha ukubwa huo kinafika kilo 1.4. Hata hivyo, chuma kikipinda au kikipasuka, fundi yeyote wa kuchomelea atakitengeneza, na kijijini hilo si jambo dogo.

Kabla ya kutoboa chochote, lala chini uangalie fremu. Kama ina mabomba mawili yanayopita chini ya injini, funga kwa klampu nne, na kila bomba ulivishe kipande cha tyubu kuukuu ili rangi isiliwe na bamba lisipige kelele. Tumia bolti za milimita 8, vichwa vikae chini na nati juu. Nati ikiwa chini, mawe yataponda nyuzi na siku ya kufungua utaazima msumeno. Chagua nati zenye plastiki ndani, maana mtetemo hulegeza za kawaida. Zishikize zote nne kwanza ndipo ukaze. Ukimaliza za mbele mapema, matundu ya nyuma hayatakutana.

Kama chini hakuna bomba, tengeneza mabano yashikwe na bolti kubwa zinazobeba injini, na bolti hizo uzibadilishe kwa ndefu zaidi za ugumu uleule. Usiguse zile ndogo za kava ya klachi: jiwe moja litang'oa nyuzi zake kwenye alumini.

Toboa tundu la milimita 40 chini ya bolti ya oili ili soketi ipite bila kufungua bamba, na mengine ya milimita 12 upande wa nyuma maji yatoke. Tope likikaukia humo, injini inayopozwa kwa hewa itachemka. Baada ya udongo mweusi, fungua uoshe.

Ncha ya mbele ikunjwe kwenda juu, isikwame kwenye mawe. Kisha bana breki ya mbele na mgandamize usukani mkiwa wawili, shokapu zishuke hadi mwisho: tairi isifike kwenye bamba. Ekzosi iachie milimita 15. Baada ya kilomita 50 kaza tena, kwani mpira huwa umeshakaa.

SWALI: Fundi anasema kuchomelea kinga kwenye fremu ni imara kuliko klampu. Ni kweli? – Msomaji, Marsabit

JIBU: Kinga itakuwa imara, fremu ndiyo itakayoumia. Bomba lake ni jembamba, joto hulidhoofisha pembeni mwa weldi, na nyufa huanzia hapo. Tena ukitaka kushusha injini utakata kwa grainda. Baki na klampu.