Presha ya mama mwenye kisukari kupanda akikasirika

Dada, umeuliza kwa nini presha ya mama inaruka kila akigombana na mtu. Hasira hufanya mwili umwage adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo hubana mishipa mingi ya damu. Kwa kawaida utando wa ndani ya mshipa hutoa gesi ya naitriki oksidi inayoulegeza, kama breki hivi. Sukari ikikaa juu miaka mingi utando huo huharibika, breki inalegea, mbano unazidi. Tena adrenalini hiyohiyo huamuru ini limwage sukari, kwa hiyo mkimpima sukari muda huo msishangae ikiwa juu. Ila kisukari kikishagusa mishipa ya fahamu huja kinyume: akisimama ghafla presha inashuka, anasikia kizunguzungu. Hilo mwambieni daktari, dawa msimwongezee wenyewe.