Tunda la Kichaka Hiki Linalika?

*Nimenunua ploti Kajiado. Kuna vichaka vyenye matunda meusi, na ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe. Jirani yangu Mmaasai anasema hula matunda hayo tangu utotoni. Nile?*

Huenda ni mtandamboo, ambao Wamaasai huuita olamuriaki, Wakikuyu mukawa na Wajaluo ochuoga. Tunda lake likiiva ni tamu kweli. Lakini tafadhali usichume kabla ya kutafuta miiba. Msunguti, ambao ni wa ukoo huohuo, ndio unaochemshwa kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Nao una utomvu mweupe, majani yanayotazamana mawili mawili, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na matunda ya zambarau iliyokoza. Ukiyatia mkononi, rangi haikusaidii kitu. Shika tawi ulikague hadi shinani: mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, msunguti hauna hata mmoja. Tawi lisilo na miiba, liache. Kisha mwite jirani aje asimame mbele ya kichaka chako, maana alichokula yeye utotoni si lazima kiwe hiki.

*Nina mikwamba miwili hapa Kilifi. Mmoja umejaa vitunda vyeupe, mwingine hauzai kamwe. Niukate?*

Usiukate! Mikwamba ina dume na jike, na huo usiozaa huenda ndio unaompa mwenzake chavua. Ukiuondoa, mwakani unaweza kukosa hata vitunda hivyo vya watoto.

*Ua wetu wa kayaba umezaa matunda ya manjano. Yanalika?*

Yanalika, ila ni machachu mno. Yapikie jamu.

*Ndege wanakula, basi si ni salama?*

Hapana, na imani hii inanitia hofu kuliko zote. Ndege hula matunda ya kichaka kiitwacho lantana siku nzima, lakini ng'ombe akila majani yake huharibika ini na ngozi kuchubuka juani. Hata mnavu tuupikao mboga, vitunda vyake vibichi vya kijani vina sumu.

*Mtoto ameshakula tunda tusilolijua. Tufanyeje?*

Msimtapishe wala msisubiri dalili. Mtoeni mabaki mdomoni, mkimbizeni hospitali, na mchukue tawi zima lenye majani na matunda ili daktari aone alichokula.