Mdogo wangu unayeniomba maswali ya usaili

Jumapili nikiwa nafua, uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. "Shikamoo kaka. Namba yako nimepewa na mtu niliyesoma naye. Nimeitwa usaili Dodoma wiki ijayo, uhasibu. Naomba unitumie maswali wanayouliza, hata kumi tu."

Nilicheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu mwaka 2018 mimi mwenyewe niliandika ujumbe wa aina hiyo, tena nikalipia. Shilingi 10,000 kwa jamaa wa kundi la Telegram, akanirushia kurasa nne alizozipiga picha kwa simu, nusu yake hazisomeki. Halikutoka swali hata moja.

Kwa hiyo maswali sina, mdogo wangu. Ninayo yaliyonikuta. Na nyie wengine mliohitimu juzi, mnaozunguka na bahasha ya kaki kwapani, sogeeni.

Nilimaliza chuo 2016. Mwezi Juni mwaka huo serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili iliyofuata ikatoka orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Mama yangu, kule Korogwe, aliposikia hesabu ile redioni alinipigia kwa furaha: "Si wameondoka karibu elfu kumi? Basi sasa mtaitwa nyie wenye vyeti vya kweli." Akawa ananipigia kila Jumatatu kuuliza kama nimeitwa. Mwishowe nikawa napokea simu yake naongea kwa kunong'ona, eti niko kwenye kikao.

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa wa kampuni binafsi, eneo la Posta, Dar es Salaam, mwaka 2017. Nilikuwa nimepanga chumba Mbagala na mwenzangu mmoja, naye ndiye aliyeniazima shati jeupe. Shati lilikuwa namba 15, shingo yangu ni 16. Kitufe cha juu nilikifunga kwa dua. Daladala kutoka Rangi Tatu nilisimama mguu mmoja, na nilipofika ghorofa ya sita, jasho lilikuwa limeshachora ramani mgongoni.

Wakaniambia nijieleze. Hapo nilikuwa nimejiandaa kweli. Usiku mzima nilikariri majibu ya kwenye intaneti, kwa Kiingereza cha kupigwa pasi. Nikaanza: mimi ni mtu ninayejituma, ninayefanya kazi vizuri na wenzangu, ninayeweza kufanya kazi...

"...bila usimamizi wa karibu," akamalizia mama mmoja aliyekaa mwisho wa meza. Hata macho hakuinua kwenye karatasi zake.

Wenzake wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha watu waliochoka. "Endelea tu kaka," akasema. Endelea na nini? Sentensi yangu alikuwa ameshaimaliza yeye. Nikabaki na mdomo wazi na shati linanikaba. Ni miaka mingi sasa, na nikikutana na mama yeyote mwenye miwani ya mnyororo, kwanza namtazama kama ni yule.

Usaili wa pili nilikosea kinyume chake. Niliamua sikariri tena, nitasema ukweli kutoka moyoni. Wakauliza kwa nini wanichukue mimi na si mwingine. Nikawaambia. Mama anaumwa miguu, mdogo wangu amekosa ada, kodi ya chumba imeisha, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Yote kweli. Chumba kikawa kimya, mzee mmoja akavua miwani akaifuta, nikajua nimeshinda. Ndiyo alama za huruma nilizipata zote, za uhasibu sikupata hata moja. Kijana, nakusihi: shida zako waambie ndugu zako na Mungu wako. Pale mezani kila aliyekutangulia amekuja na mama yake anayeumwa miguu.

Usaili wa tatu haukufika hata kwenye kiti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed. Herufi moja. Kwenye tangazo walikuwa wameandika wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na kiapo cha kuthibitisha jina, mimi nikalisoma tangazo kama watu wanavyosoma risiti ya maji. Nikageuzwa mlangoni, na nauli ya kwenda na kurudi nilikuwa nimekopa. Nenda kaangalie vyeti vyako sasa hivi, usingoje kumaliza kusoma hapa. Jina, herufi kwa herufi. Na ukumbuke matangazo ya serikali hayataki matokeo ya muda wala ile hati ya matokeo ya kidato cha nne, yanataka cheti chenyewe. Kila tangazo linarudia hilo, na kila usaili kuna mtu analia nje ya geti.

Baada ya hapo nilikata tamaa, nikaenda kwa baba mdogo. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala: saruji, nondo, misumari, mabati. Aliniambia, "Njoo ukae kaunta, angalau utakula." Nilikaa miaka mitatu na nusu. Niliona aibu mno. Mtu wa shahada anapima misumari nusu kilo! Wenzangu wa chuo wakipita barabarani nilikuwa nainama chini ya kaunta kama natafuta kitu. Na kwenye wasifu wangu, miaka yote ile niliiacha wazi. Nilidhani afadhali waone sikufanya chochote kuliko waone nilikuwa muuza duka.

Sasa sikiliza habari ya nondo, maana mshahara ninaokula leo umetoka hapo.

Nondo moja ina mita 12. Wateja wa kwetu wengi hela zao ndogo, kwa hiyo baba mdogo alikuwa anawakatia vipande. Fundi anataka cha mita tatu na nusu, tunakata. Vipande vitatu vinatoka, jumla mita kumi na nusu, inabaki mita moja na nusu, inatupwa nyuma ya stoo. Daftari linasema nondo moja imeuzwa, basi. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mwezi wa pili nikawa nagombana na hesabu, mauzo hayalingani na mzigo ulioingia, na baba mdogo ameshaanza kumtilia shaka kijana wa kupakia. Siku moja nikiwa sina kazi nikaenda nyuma ya stoo, nikakuta pale pamebaki kutu tu. Mabaki yalikuwa yanakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na hakuna aliyeona kama ni wizi kwa sababu hakuna aliyeyaandika popote. Tukikata nondo nane kwa siku, mabaki yake ni mita 12. Nondo nzima inatoka dukani kila siku, na mwizi hayupo.

Nikafungua daftari la mabaki. Zile nyembamba za milimita 8 tukaanza kuwauzia mafundi wa ringi, zile pete za kufungia nondo za nguzo. Baba mdogo hakunisifu, si mtu wa kusifu. Ila jioni ile alininunulia chipsi kuku.

Ajira ziliporudi nilianza kuomba upya. Anuani ya Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, wanaosaili waombaji wa kazi za serikali, S.L.P. 2320, Dodoma, naijua kwa kichwa kuliko namba ya simu ya mke wangu. Mwaka 2021 nikaitwa. Mchujo wa kuandika nilifaulu, sina cha kukusimulia hapo, soma vitabu vyako. Kisha ana kwa ana. Jopo, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Mmoja akauliza: umewahi kubaini upotevu wa mali mahali ulipokuwa, na ulichukua hatua gani?

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema sijawahi kuajiriwa. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi." Nikawaeleza nondo. Kiingereza changu kilikwama kwenye neno mabaki, nikaonyesha kwa mikono urefu wake. Wakaacha kuandika. Mmoja akauliza, na yule mteja akidai kipande kilichobaki ni chake? Nikamwambia hilo liliwahi kutugombanisha na fundi mmoja hadi kwa mjumbe. Mwingine akauliza daftari lile lilikuwa na safu ngapi. Safu ngapi! Nilizitaja zote, nazijua hadi leo. Tulizungumza kama watu wanaofanya kazi moja.

Usifikiri niliitwa kesho yake. Nilifaulu nikaingizwa kwenye kanzidata, na kanzidata, kwa asiyeijua, ni pale unapokuwa umefaulu lakini nafasi zimejaa, unasubiri itokee nyingine. Nilirudi kaunta. Miezi saba. Kisha jina likatoka, Mhasibu Daraja la II, halmashauri moja mkoani Ruvuma. Mshahara wa kwanza Bodi ya Mikopo ikakata asilimia 15 ya deni langu la chuo kabla sijaushika, lakini nilipita nao Korogwe, na mama akanipokea kwa vigelegele vya miaka mitano.

Nakwambia haya kwa sababu mwezi uliopita nilikaa upande wa pili wa meza kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunatafuta vibarua wa kukusanya ushuru kwa mashine za POS, zile za mkononi za kutolea risiti. Kazi ya muda, na bado wengi waliokuja walikuwa wa shahada. Akaingia binti mmoja, nadhifu, akaketi. Tukamwambia ajieleze. Mimi ni mtu ninayejituma, akaanza, ninayefanya kazi vizuri na wenzangu...

Nikaimalizia sentensi yake, kichwani. Bahati nzuri mdomoni nilikuwa na karanga. Nikamwuliza, tangu umalize chuo unaamka saa ngapi na unafanya nini? Akatazama chini, akasema anamsaidia mama yake kuuza samaki wakavu sokoni. Unajuaje faida? Akanyanyua uso, na kwa dakika tano alitufundisha namna samaki anavyopungua uzito akikaa, na kwa nini wanaouza kwa fungu hawali hasara kama wanaouza kwa kilo. Nilimpa alama za juu kuliko wote. Yule mama wa Posta bado sijamsamehe. Lakini siku ile, kufikia mtu wa thelathini na kitu, chai imeshapoa, nilimwelewa kidogo.

Nyie vijana mna haraka, na mnaona aibu mahali pasipo na aibu. Mnalipia maswali Telegram, mnanakili barua ya mwenzenu mpaka jina la taasisi mnasahau kulibadilisha, mnadanganya mlifanya mazoezi ya kazi mahali ambapo hamkuvuka hata geti, halafu kibanda cha mama ntilie kilichowalisha miaka minne mnakificha. Ulifanya nini kwa mikono yako? Hilo ndilo lieleze. Umekuwa wakala wa pesa kwa simu? Eleza siku salio lilipogoma kulingana. Umefundisha tuisheni? Eleza yule mtoto aliyekushinda. Hukufanya lolote? Basi bado una wiki nzima, nenda dukani kwa mtu ukahesabu mzigo wake. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia, na ningeambiwa 2017 nisingeinama chini ya kaunta miaka yote ile.

Mdogo wangu, uliyeniandikia Jumapili, hukusema umekuwa ukifanya nini tangu uhitimu. Niandikie hilo kwanza, kirefu, hata kwa ujumbe wa sauti. Vyeti beba halisi, usafiri na malazi ujue unajigharamia mwenyewe, na Dodoma fika siku moja kabla.

Na kuhusu nguo. Lile shati jeupe bado ninalo. Aliyeniazima alihamia Mwanza na hajaliulizia mpaka leo, nami sijawahi kulifunga vizuri. Kama shingo yako ni namba 15, niambie kabla ya Jumatano nilipakie kwenye basi.